Bodi ni Nzima, Pini Zako Ndizo Zinazoisingizia

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimetengeneza jigi ya kupimia bodi za chaja, ina pogo pini 30. Bodi ikigoma naibonyeza tena, inapita. Niendelee?"

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Marahaba mdogo wangu. Usiendelee.

Mwaka 2019 nilipata kazi niliyoiombea miaka: kupima bodi 300 za kuendeshea pampu za maji za umeme wa jua. Wewe unayenisoma najua unataka nini. Unataka bodi iliyobuniwa na kuunganishwa hapahapa Tanzania, na mkono wako uwemo. Basi nami nilikuwa hukohuko. Nikapanga chumba Sinza, nikachonga jigi ya akriliki, yaani kibao kilichopandwa pini, unabana bodi ya umeme juu yake ili kuipima; yangu pini 44. Wiki za kusubiri mzigo kutoka China naziruka, hazina hadithi.

Pogo pini ni kijiti chenye ngozi ya dhahabu kinachozama ndani ya kijibomba, na humo ndani kuna springi. Ukiibana bodi juu yake, kila pini inasukuma doa lake la kupimia kwenye bodi na umeme unapita. Zangu zilikuwa za saizi iitwayo P75, kijibomba cha unene wa milimita moja hivi. Wakubwa wanaopima chipu nao wanategemea springi, ila zao ni ndogo kupita macho. Igor Khandros alianzisha FormFactor, kampuni ya vifaa vya kupimia chipu, mwaka 1993, na springi zao zilianza kama uzi wa dhahabu uliokunjwa na mashine ileile ya kuunganishia nyaya za chipu, kisha ukavikwa aloi ya nikeli ili uwe na nguvu ya kurudi. Nilikuwa nikisoma habari hizo usiku nikijiona na mimi wa ukoo huo.

Kwanza nililehemu waya moja kwa moja kwenye mgongo wa pini. Joto likaziua springi kadhaa kabla sijapima hata bodi moja. Kuna soketi zake: unalehemu soketi, pini unaichomeka na kuichomoa upendavyo. Nunua soketi. Usiniulize kama ni lazima.

Nikaanza. Bodi 80 za mwanzo, raha tupu. Baadaye taa nyekundu zikazidi, nami nikafanya kama wewe: nabonyeza tena, inawaka kijani, naweka kwenye boksi la nzima. Kumbe ncha zilishavaa koti la fluksi, ule utomvu unaobaki baada ya kulehemu. Nilipochungulia kwa lenzi, ncha zilikuwa za kahawia kama meno ya mvuta sigara. Zisugue kwa mswaki mkavu kila baada ya bodi kadhaa. Usimwagie spiriti, inaubeba uchafu na kuushusha ndani ya bomba. Na kwenye madoa yenye fluksi tumia ncha kali, itoboe.

Lakini hilo silo lililoniumiza.

Springi zangu zilikuwa za gramu 100. Zidisha mara 44: kilo nne na ushei zinaisukuma bodi kwenda juu, na mimi nilikuwa nimeibana kwenye pembe nne tu. Katikati ilikuwa inabinuka. Kwa macho huoni kitu. Ila kapasita za kauri, vile vijitofali vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi, hazijui kubinuka. Zinapata ufa mwembamba kama unywele pembeni, siku ya kupimwa zinapita, zikifika shambani unyevu unaingia na zinapiga shoti.

Mteja alirudi na bodi 11 kwenye mfuko wa rambo. Akazimwaga mezani. "Fundi, mashine yako inapima au inaua?"

Sikuwa na jibu. Hajanipigia tena mpaka leo, na nikiona pampu yake imefungwa mahali nageuza uso. Nimeshasamehe. Au niseme, nakaribia.

Kwa hiyo weka nguzo za kuikandamiza bodi hadi katikati, mkabala na pale pini zilipojazana. Pini izame theluthi mbili ya mwendo wake. Ikizama kidogo mguso unalegea, ikizama hadi mwisho springi inachoka mapema. Na mkianza kubonyeza mara ya pili, simameni! Vijana mna haraka sana. Mnataka boksi lijae, hamtaki kujua kwa nini taa ilikuwa nyekundu. Chukua bodi unayoijua ni nzima, ipime kila asubuhi kabla ya nyingine zote. Ikigoma hiyo, mbovu ni jigi, na kazi isimame hata kama mwenye mali amekaa hapo kwenye benchi anakuangalia.

Mdogo wangu wa Mwanza, nitumie picha ya ncha za pini, karibu kabisa. Ya jigi nzima usitume, najua umeipendezesha.