Anzeni na Douglas Adams

Dada, kwa kikundi chenu cha Lamu kinachotaka riwaya ya kisayansi ya kuchekesha, ya kusomwa kwa sauti baada ya isha, chukueni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams, ya 1979. Ilianza kama mchezo wa redio wa BBC mwaka 1978, ndiyo maana mazungumzo yake yanatamkika vizuri. Ina sura 35 fupi. Tatu kwa kikao zinatosha.

Msiruke sura ya 1. Mhusika mkuu, Arthur Dent, amelala topeni mbele ya tingatinga linalotaka kubomoa nyumba yake kupisha barabara ya mchepuko. Anaambiwa ramani zilikuwa wazi kwa umma, kumbe zilikuwa ghorofa ya chini kusiko na taa, ndani ya kabati lililofungwa, kwenye choo kisichotumika, mlangoni pameandikwa mjihadhari na chui. Sura ya 3 dunia nzima inabomolewa kwa sababu ileile. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya shamba atacheka mpaka machozi.

Msomaji asikimbie: kichekesho kipo mwisho wa sentensi ndefu, ukiharakisha kinapotea.

Tafuteni na kitabu cha pili cha mfululizo huu, cha 1980, mapema, maana cha kwanza kinakatika safari ikiendelea. Fuateni mpangilio wa kutoka kwa vitabu. Cha tano, cha 1992, kina kiza. Mkianza nacho mnaweza kuuacha mfululizo wote, na hiyo ni hasara kubwa.