Mgonjwa ana kifaa cha kusisimua neva na anatakiwa MRI: mnaoanza kazi someni hapa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, pesmeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo) mmefundishwa sana ila hawa wenye vifaa vya kusisimua neva unakuta mtu anaanza kujifunza mgonjwa akiwa tayari yuko mlangoni. Wapo waliowekewa kwenye uti wa mgongo kwa maumivu sugu, wapo wa kwenye ubongo kwa ajili ya Parkinson, wapo wa neva ya vagasi shingoni kwa kifafa, na wapo wa kibofu.

Sumaku kuvuta betri ni hatari ndio, lakini kinachotisha zaidi ni joto. Ule waya unaotoka kwenye betri unapokea mawimbi ya redio ya mashine kama antena, na joto linajikusanya kwenye ncha, yaani pale pale elektrodi inapogusa ubongo au uti wa mgongo. Mwaka 2005 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya kupata taarifa za wagonjwa wa aina hii kuingia koma na wengine kubaki na madhara ya kudumu. Na msidanganyike kwamba kifaa kikizimwa basi yameisha, kuzima hakuzuii joto maana waya bado upo mwilini.

Ndo maana sipendi swali la "una kifaa chochote?" Uliza "umewahi kuwekewa?" kwa sababu mtu atakujibu kwa moyo mweupe kwamba kilishatolewa, kumbe kilichotolewa ni betri tu na waya ukaachwa ndani. Waya uliobaki peke yake au uliokatika unaweza kupata joto kuliko ule uliounganishwa vizuri, na ile ruhusa ya mtengenezaji ya kuingia MRI kwa kawaida haiuhusu. Ukiona kovu usilolielewa omba eksirei kwanza, hata kama foleni ni ndefu na watu wanakupigia kelele.

Halafu ile alama ya pembetatu ya njano maana yake ni ruhusa yenye masharti, na masharti ni ya mfumo mzima, modeli ya betri, modeli ya waya, urefu wake na umekaa wapi. Betri ile ile ukiiunganisha na waya mwingine ruhusa inaweza ikabadilika kutoka mwili mzima ikawa kichwa tu. Kwa hiyo kadi ya mgonjwa ni mwanzo tu, chukua namba za modeli ukafungue manyuali ya mtengenezaji usome mwenyewe, usitegemee kwamba mwezi uliopita mlimpiga picha mwingine mwenye kifaa kama hicho akatoka salama.

Kingine cha koili, yaani antena za mashine zinazorusha au kupokea mawimbi. Manyuali ikisema koili ya kichwa inayorusha na kupokea, jua koili nyingi za kichwa za siku hizi zinapokea tu, anayerusha ni koili kubwa ya mwili, sasa ukiweka hiyo ukadhani umetimiza sharti umemrushia mawimbi mpaka kifuani. Na Tesla ndogo (kipimo cha nguvu ya sumaku) siyo lazima iwe salama zaidi, 1.5 inarusha kama megahezi 64 na 3 kama 128, waya wa urefu fulani unaitikia kila moja kivyake, basi fuata ile iliyopimwa. Uzito uingize wa kweli, mashine inautumia kukadiria SAR, yaani kiasi cha nishati ya mawimbi kinachofyonzwa na mwili.

Kabla hajaingia, anayekijua kifaa apime impidansi (ukinzani wa umeme kwenye waya na elektrodi), aangalie chaji ya betri, akiweke kwenye modi ya MRI au akizime kama manyuali inavyotaka. Rimoti, chaja na ile sumaku ya mgonjwa wa vagasi vyote vibaki nje. Mgonjwa awe macho, ongea naye kila baada ya sikwensi (seti moja ya picha), akisema anahisi moto au anashtuka simamisha hapo hapo, usimwambie avumilie kidogo.

Akitoka asiondoke mpaka kifaa kiwashwe na kukaguliwa, hasa huyu wa Parkinson, maana kikiwa kimezimwa mwili unaweza kukakamaa akaanguka akiwa njiani.