Maji ya mto yamekuwa kijani, nimshitaki jirani?

SUALI: Asalaam alaykum bwana shamba. Mie nalima mpunga huku Mwera, pembeni ya mto. Jirani wa juu yangu ana mboga, na tokea vuli anamwagiwa tope la vyoo, lile linaloletwa na gari la kunyonya, anasema mbolea ya bure. Sasa maji yamefanya ute wa kijani, ndoo ukiichovya inatoka na nyuzi, na watoto wanaoga humo humo. Nimemwambia, hasikii. Mie natia yuria tu, mifuko miwili kwa eka kwa mara moja, mwaka huu ilipiga mvua usiku ule ule nliotia. Nimshitaki wapi?

JAWABU: Waalaykumu salaam. La jirani tutafika, ila hapo kwenye yuria umepapita mbio mbio kweli! Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, yako ni 46, na mpunga mchanga hauwezi kula zote hizo kwa mkupuo. Yuria inayayuka kama sukari kwenye chai, mvua ikipiga jaruba likafurika imeshakwenda mtoni, ikashibe nani? Huo ute. Ukifa ukaoza unamaliza hewa ya kwenye maji, ndo unaona samaki wanapanda juu kutweta. Tope la choo nalo lina naitrojeni na fosforasi, kwa hivyo ute huo mnaulisha wote wawili, usimtupie mwenzio peke yake.

Lakini yake ina baya zaidi, vijidudu na mayai ya minyoo. Mayai hayo yanakaa kwenye udongo miezi na miezi, na yeye anamwaga bichi, juu ya mboga, pengine na kotmiri tunayoila bila ya kupika (mie nshaanza kuogopa kachumbari). Shirika la Afya Duniani linasema kwa nchi za joto kama zetu liwekwe zaidi ya mwaka kabla ya kutiwa shamba. Anza kwa sheha, akishindwa nendeni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ndo kazi yao.

Watoto wasioge hapo. Na kama kuna kisima karibu, kuchemsha kunaua vijidudu tu, naitreti (ile naitrojeni ya mbolea na tope ikishageuka na kuyayuka majini) haitoki, tena maji yakipungua sufuriani ndo inazidi ukali, basi mtoto mchanga asikorogewe maziwa kwa maji hayo mpaka yapimwe.

Wewe sasa: yuria igawe, nusu wiki ya pili au ya tatu baada ya kupandikiza, nusu mpunga unapokaribia kushika mimba. Sikiliza utabiri kwanza, ziba mlango wa maji siku tatu nne baada ya kutia, na ukingoni mwa mto usilime mpaka mwisho, acha majani yaote, yanakamata udongo na mbolea. Tena kabla hujenda kwa sheha pita ukalitizame tuta lako la chini, maana na yeye atakuja kulitizama.