Ukiambiwa "tukutane Sannomiya", uliza ipi

Wadogo zangu mnaofika Kobe, hapa Japani, juzi tena mgeni kanipigia simu yuko stesheni ya Kobe na masanduku yake, haelewi mji uko wapi. Tumesema hadi koo limekauka: moyo wa mji ni Sannomiya. Shinkansen, treni ya mwendo kasi, nayo husimama Shin-Kobe, chini ya mlima. Panda metro kituo kimoja ushuke Sannomiya.

1. Stesheni za Sannomiya ziko sita: za kampuni za treni JR, Hankyu na Hanshin, ya treni ya Port Liner, na mbili za metro. Mimi sikuuliza ipi. Sensei wangu, yaani mwalimu, alisema tukutane getini saa nne, anitambulishe kwenye kampuni ya mafunzo kazini. Nikasimama geti la magharibi la JR, suti imenyooka, nimewahi. Yeye alinisubiri chini, geti la Hanshin, maana miaka yote hupanda Hanshin na kwake Sannomiya ni hiyo. Laini yangu ilikuwa ya intaneti tu, haipigi simu, na yeye barua pepe husoma ofisini. Nilipompata hatimaye, mzee yule ndiye aliyeniinamia akaniomba radhi. Badala ya kuomba radhi mimi, nikaanza kujieleza! Miadi ikapita, nafasi akapewa mwingine. Nafasi nilishaisahau, lakini kumsimamisha mzee wa watu vile kunaniuma hadi leo. Basi jamani, taja kampuni, taja na geti. Geti la magharibi la JR na la mashariki la Hankyu yako jirani mno, msiyachanganye.

2. Zote tatu, JR, Hankyu na Hanshin, zinafika Osaka, ila teiki, yaani pasi ya safari za kila siku, ya moja haikufai kwa nyingine: kadi ikiwa na salio geti litafunguka na nauli itakatwa.

3. Shinkaisoku, treni ya haraka ya JR, haina nyongeza ya nauli, ila kituo cha jirani, Motomachi, haisimami.

4. Ijumaa, msikiti uko juu kidogo, njia ya kwenda mtaa wa Kitano, na maduka ya halali yako karibu. Ulifunguliwa 1935, ukavuka mabomu ya 1945 na tetemeko la Januari 17, 1995. Kila mwaka tarehe hiyo watu huwasha taa za kumbukumbu kwenye bustani ya Higashi Yuenchi, kusini mwa stesheni kwa barabara ya Flower Road. Mnaishi na watu waliofiwa siku ile, nendeni msimame nao. Vaeni nguo nzito, mfike kabla ya saa 11:46 alfajiri, dakika tetemeko lilipopiga, simu mfukoni.