Figo dhaifu, mshipa wa mguu umeziba: tufanyeje?

SWALI: Assalaam aleikum. Baba yangu ana miaka 63, ana kisukari na uzani wake ni kilo 70. Ana donda kwenye kidole gumba cha mguu, mwezi wa pili huu halifungi. Daktari asema mshipa umeziba, apigwe picha ya mishipa kisha ufunguliwe kwa puto. Lakini kreatinini yake, kile kipimo cha damu cha kuonyesha hali ya figo, ni 220, na jirani ametwambia hiyo dawa ya picha humaliza figo. Baba amekataa katakata.
Binti, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam. Binti yetu, hofu ya mzee ina msingi, lakini kukataa nako kuna hatari yake: donda la kisukari lisilofikiwa na damu huoza, na mguu hukatwa. Rudini kwa daktari, tena mwende na maswali yenye hesabu.

Kreatinini ya 220 kwa mwanamume wa umri wake ni uwezo wa figo, yaani mililita zinazochujwa kwa dakika, wa takriban 28. Chini ya 30 ndipo hiyo dawa ya picha, yenye iodini, inapotisha. Madaktari wengi hujiwekea mpaka: mililita za dawa zisizidi uwezo wa figo mara mbili, na ikishindikana zisipite mara tatu. Kwa babako hiyo ni 56, mwisho 84. Picha ya miguu yote miwili yaweza kupita 100 kwa urahisi. Basi swali la kwanza ni hili: mtatumia mililita ngapi? Altrasaundi ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha mwendo wa damu, ikifanywa kabla, daktari hujua palipoziba na hupiga picha mguu mmoja tu, tena kwa dawa iliyozimuliwa kwa maji ya chumvi.

Ulizeni pia kuhusu gesi ya kaboni dioksaidi. Hii haidhuru figo. Hupulizwa mshipani, husukuma damu kando kwa muda mfupi na picha ikaonekana, kisha huyeyuka katika damu na kutolewa na mapafu. Hutiwa kidogo kidogo, na kila mara hungojewa dakika 2 hadi 3 kabla ya kutia tena. Kosa kubwa ni hewa ya chumbani kuingia kwenye sirinji: hewa hiyo haiyeyuki upesi kama gesi, hivyo huziba mshipa. Ndiyo maana lazima mirija iwe imefungwa vyema na mtumiaji awe mzoefu. Gesi hii hutumika chini ya kiwambo cha tumbo tu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Haipelekwi kwenye mishipa ya moyo wala ya ubongo. Mgonjwa aweza kuhisi maumivu ya mguu au tumbo, na aseme papo hapo. Huko chini kwenye wayo picha yake hufifia, hivyo mara nyingi huongezwa iodini kidogo. Si kila hospitali inayo. Isipokuwepo, iodini kidogo kwa maandalizi mazuri bado ni njia halali.

Maandalizi yenyewe ni maji ya chumvi ya dripu, mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, kuanzia saa 6 hadi 12 kabla na vivyo hivyo baada. Kwa babako ni mililita 70 kwa saa. Kama moyo wake ni dhaifu au miguu imevimba, kipimo kipunguzwe, la sivyo maji hujaa mapafuni. Na tafadhalini, msimpe madafu ati yaoshe figo! Madafu yana potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisiguswe kabisa, hata zile za kununua dukani kwa ajili ya mgongo. Kama bado anameza metformini, dawa ya kisukari, mwambieni daktari leo. Kwa uwezo wa 28 haifai hata bila picha. Dawa za kukojoza na za presha, daktari ndiye aamue.

Akichomwa kwenye kinena ili kupitisha mrija wa picha na puto, atalazwa chali saa kadhaa. Asirudi Likoni siku hiyo: kusimama ndani ya feri na kupanda ile njia ya mteremko kwaweza kufungua tundu, na wenye figo dhaifu damu yao huchelewa kuganda. Mtafutieni pa kulala huku kisiwani Mombasa.

Kreatinini ipimwe tena baada ya saa 48 hadi 72. Ikipanda kwa 27 au zaidi ndani ya saa 48, yaani ifike 247, figo zimeumia. Wengi hurudi sawa baada ya wiki moja au mbili. Mkojo ukipungua au pumzi ikimbana, msingoje tarehe ya kliniki.

SWALI: Nina ugonjwa wa figo, bado sijaanza kusafishwa damu. Kila nikienda maabara hunichoma kwenye kiwiko cha kushoto. Kuna ubaya?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Upo. Kama watumia mkono wa kulia kwa kazi, mishipa ya mkono wa kushoto ndiyo itakayohitajika siku ikibidi kuunganishiwa njia ya mashine ya kusafisha damu. Sindano na dripu za mara kwa mara huitia makovu na kuiziba. Mwambie mtu wa maabara achome mgongo wa kiganja, hata akinung'unika kwamba mshipa ni mwembamba. Na usikubali katheta ndefu ya mkononi, yaani mrija unaoachwa ndani ya mshipa, kabla daktari wako wa figo hajaulizwa.