Usikae kwenye herufi za Kirumi: jibu kwa anayeanza Kijapani

Ndugu muulizaji, umeuliza kama mtu anayejisomea nyumbani anaweza kujua kusoma na kuandika Kijapani bila mwalimu, na kama herufi hizi tunazotumia sisi zinaweza kumtosha kwa mwaka wa kwanza. La kwanza linawezekana, maana ndivyo nilivyoanza. La pili nakusihi uliache kabisa, kwa sababu nilikaa miezi minane nikiandika "watashi" na "arigatou" kwa herufi za Kirumi, na siku nilipofungua ukurasa wa Kijapani chenyewe sikuambulia hata neno moja.

Anza na hiragana, yaani alama za silabi za kuandikia maneno ya Kijapani chenyewe, ambazo za msingi ni 46. Hapa Mswahili ana bahati, kwani irabu zao ni tano kama zetu na alama moja hubeba silabi nzima: か ni ka, き ni ki, く ni ku. Aliyeimbishwa "ba be bi bo bu" darasa la kwanza tayari ana mfumo huo kichwani. Hata ile ん, ambayo ni n iliyosimama peke yake na kuhesabiwa pigo kamili, sisi tunaitamka kila siku tunaposema "nchi" au "nne". Vivyo hivyo, anayetamka "paa" kwa mapigo mawili hatapata taabu kutofautisha obasan, yaani shangazi au mama mdogo, na obaasan, ambaye ni bibi.

Mahali ambapo Kiswahili hakikunisaidia ni ile っ ndogo, inayoandikwa kabla ya konsonanti ili konsonanti hiyo ishikiliwe kidogo kabla ya kuachiwa. Nilimwandikia rafiki wa kalamu aliyeko Osaka kumkaribisha kwetu, nikakusudia きてください, "tafadhali njoo", lakini kwa kujitia ujuzi nikachomeka っ na ikawa きってください, "tafadhali kata". Alijibu kwa adabu sana akiuliza akate nini. Zingatia pia kwamba は, を na へ zinapotumika kama viunganishi vya sentensi husomwa wa, o na e. Hilo halina njia ya mkato, utalizoea.

Katakana zina sauti zilezile kwa maumbo mengine, na kazi yake kubwa ni kuandika maneno ya kigeni, likiwemo サファリ, ambalo ni "safari" yetu iliyofika huko kwa kupitia Kiingereza. Zinazotesa ni シ na ツ, kisha ソ na ン. Usizitazame kama picha, bali fuata mwendo wa kalamu: katika シ na ン mstari mrefu hupanda kutoka chini, na katika ツ na ソ hushuka kutoka juu.

Darasa langu la kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana, lilikuwa mlango wa daladala. Hiace nyingi zilizoletwa zikiwa zimetumika bado zina maandishi 自動ドア, nami nilikuwa nikiyaona kila asubuhi bila kuyaelewa. ドア ni katakana na husomwa doa, lakini haina uhusiano na doa la nguo, maana ni "mlango". 自 ni "enyewe" na 動 ni "kwenda, kusogea", kwa hiyo mlango unaojiendesha. Ukiongeza 車 baada ya 自動 unapata jidousha, yaani gari; lakini 車 ikiwa peke yake husomwa kuruma. Ndiyo maana nashauri ujifunze kanji ndani ya maneno, kwani kukariri orodha ya matamshi ya kila herufi ni kujichosha bure.

Kuhusu kuandika, nunua daftari la hesabu lenye miraba na utumie miraba minne kwa kila herufi, ili ulazimike kuipanga katikati. Mistari huanza juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. 車 ina mistari saba, na ule wa wima unaopasua yote huja mwisho. Mimi nilianza kwa herufi tano kila jioni na hiragana zikanikaa kwa wiki tatu.

Usiogope idadi. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, lakini mtoto wa Kijapani husoma 80 tu darasa la kwanza na hufikisha 1,026 anapomaliza shule ya msingi. Mimi baada ya miaka minne nimefika za darasa la tatu, jumla 440. Na kama shabaha yako ni JLPT, yaani mtihani wa kimataifa wa kupima umahiri wa Kijapani, ambao kwa upande wetu hufanyika Nairobi, ujue kwamba maswali yake ni ya kuchagua jibu tangu N5, ngazi ya chini kabisa, hadi N1. Hutaandika herufi hata moja kwa mkono, kwa hiyo unaweza kutanguliza kusoma na daftari likafuata kwa mwendo wako.