Kuhusu KCMC na wanafunzi wa udaktari
Mkuu, umeuliza kama kumpeleka mama hospitali ya KCMC, wanakofundishwa wanafunzi wa udaktari, ni kumfanya wa kujifunzia. Usiogope hata kidogo. Ile ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, ipo Moshi tangu 1971, na inapokea wagonjwa wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara hadi Tanga. Mwanafunzi atamuuliza historia ya ugonjwa, pengine atampima, lakini uamuzi ni wa daktari bingwa. Mimi naona kuulizwa mara mbili kuna faida, maana wazee wetu husahau mengi mara ya kwanza. Hapo hapo kuna chuo cha TATCOT, wanakosomea watengenezaji wa miguu bandia kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mpeleke, na barua ya rufaa msiisahau.